Sigara Isiyo na Harufu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu katika umbo zuri, akampa akili ya kupambanua na pumzi ya kumtajia Mola wake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunajiusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na katika dhahiri. Na maneno hayo mawili, siri na dhahiri, ndiyo yaliyotuelekeza kwenye mazungumzo yetu ya Ijumaa hii. Kwani liko jambo ambalo kwa miaka mingi lilifanywa dhahiri, likajulikana kwa moshi wake na harufu yake, na sasa limepata njia ya kufanyika kwa siri: chumbani, maktabani, katika dahalia za wanafunzi, na hata, Mungu atuhifadhi, katika maliwato ya msikiti. Jambo hilo ni tumbaku, na hasa hii sigara ya umeme ambayo vijana wa vyuo huiita vepu.

Wengi katika wazazi wanaotusikiliza wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Kijana akianza kuvuta sigara, nyumba nzima ilijua. Akija asubuhi kumwamkia mama na kumbusu mkono, mama aliisikia harufu katika pumzi yake, katika kanzu yake na katika vidole vyake. Kijana alitafuna karafuu, alitafuna iliki, alifikicha majani ya mpera viganjani, wala hakufaulu. Pengine mama hakusema neno. Alimtazama tu, na mtazamo ule ulitosha kumfanya kijana akose raha siku nzima. Pua ya mama ilikuwa mlinzi asiyelipwa mshahara na asiyelala.

Leo mlinzi huyo amepokonywa kazi yake. Chombo chenyewe ni kidogo, hufanana na kalamu, au na kile kidude ambacho wanafunzi huhifadhia kazi zao za kompyuta. Ukikiona juu ya meza katikati ya vitabu hukitilii shaka. Nacho hutoa harufu ya embe, ya mnanaa, ya zabibu. Mama apitapo mlangoni hudhani mwanawe anakula peremende.

Basi yafaa tukijue chombo hiki, kwani mtu hawezi kujilinda na asichokijua. Sigara ya umeme ya namna tunayoiona leo ilitengenezwa mwaka 2003 na mfamasia mmoja wa Kichina, Hon Lik, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji. Ndani yake mna betri, na waya mwembamba upatao moto, na kimiminika ambacho waya ule hukigeuza kuwa wingu. Watu huliita wingu hilo mvuke, na jina hilo limewapoteza wengi, maana hudhani ni mvuke kama wa birika la chai. Sivyo. Ni matone madogo mno ya gliserini na propilini glikoli, na ladha za viwandani, na katika vyombo vilivyo vingi mna nikotini, yaani ile sumu ya jani la tumbaku ambayo ndiyo asili ya uraibu wote. Waliolipima wingu hilo wamekuta ndani yake fomaldehaidi, na chembe za madini kama nikeli na risasi.

Na tukishalitaja neno uraibu, tulipe haki yake. Wazee wetu wa pwani walilitumia kuwa jina la tambuu na tumbaku ya kutafuna. Leo maana yake ni kule kufungwa na kitu hata usiweze kukiacha. Lugha yetu ilikwisha kukijua kitu na kifungo chake, ikavipa vyote viwili jina moja, kabla ya daktari yeyote kutuambia.

Ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu hakumwachia kijana pua ya mama yake peke yake. Alimwekea mlinzi mwingine katika mwili wake mwenyewe, naye ni koo. Mtu avutapo sigara kwa mara ya kwanza hukohoa, macho humtoka machozi, kichwa humzunguka, na pengine hutapika. Hiyo ndiyo fitra ikisema; kifua kimekataa kitu ambacho hakikuumbwa kukipokea. Na wako watu wengi, wengine ni wazee sasa, waliookolewa na kikohozi hicho: walijaribu siku moja, wakaona hapana ladha wala starehe, wakaachana nayo moja kwa moja.

Sasa sikilizeni lililotendeka. Mwaka 2005 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, James Monsees na Adam Bowen, walitoa tasnifu yao juu ya namna mpya ya kuvuta. Wote wawili walikuwa wavutaji, na kwa maelezo yao wenyewe nia yao ilikuwa kupata kitu chenye madhara machache kuliko sigara. Mwaka 2015 kampuni yao ikatoa chombo kilichoitwa JUUL. Siri ya chombo hicho ilikuwa katika kemia yake. Nikotini katika hali yake ya kawaida huwasha koo, na kwa ajili hiyo mtu hawezi kuvuta nyingi kwa wakati mmoja. Wao wakaichanganya na asidi, ikawa chumvi ya nikotini, nayo chumvi hiyo hupita kooni taratibu bila kuwasha. Kichupa kimoja kidogo kama ukucha wa kidole gumba kikachukua nikotini inayokaribia ile ya paketi ya sigara 20, na kijana akaweza kuimaliza yote asikohoe hata mara moja.

Tazameni basi. Pua ya mama ilinyamazishwa kwa harufu ya embe, na koo la kijana likanyamazishwa kwa chumvi. Walinzi wote wawili wameondolewa mlangoni, na mwizi akaingia.

Na lililofuata limeandikwa. Huko Marekani, mwaka 2017, katika kila wanafunzi 100 wa sekondari za juu, karibu 12 walikuwa wametumia sigara ya umeme katika siku 30 zilizotangulia. Mwaka 2018 wakawa karibu 21. Mwaka 2019 wakazidi 27. Mnamo Desemba 2018 mganga mkuu wa nchi ile alitangaza kuwa jambo hilo limekuwa maradhi ya mlipuko miongoni mwa vijana. Na mwezi ule ule, kampuni ya Altria, ambayo chini yake huuzwa sigara za Marlboro katika Marekani, ilinunua asilimia 35 ya kampuni ya JUUL kwa dola bilioni 12.8. Tungependa kila kijana anayeambiwa kwamba vepu ni dawa ya sigara aizingatie biashara hiyo kidogo. Muuza maradhi alitoa mabilioni kununua duka la dawa; je, alifanya hivyo ili watu wapone?

Mwenyezi Mungu ni mwingi wa fadhili, na habari haikuishia hapo. Nchi ile ilipandisha umri wa kuuziwa tumbaku hadi miaka 21 mwishoni mwa mwaka 2019, wazazi na walimu wakainuka, na ilipofika mwaka 2024 wale wanafunzi walikuwa wameshuka hadi wapungufu ya 8 katika kila 100. Kwa hiyo asiwepo atakayesema kuwa jambo hili haliwezekani. Lakini wale waliokuwa sekondari mwaka 2019 ndio waliokwenda kujaza vyuo miaka iliyofuata, na kifungo chao wakaenda nacho.

Kwa nini huyu mwanafunzi anatafutwa kwa bidii kiasi hiki? Si kwa sababu ana fedha. Mwanafunzi hana fedha. Ni kwa sababu ya umri wake. Waganga wakuu wa Marekani waliandika mwaka 2012 kuwa katika kila wavutaji 100 wa kila siku, 99 walivuta sigara yao ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 26. Maana yake ni kwamba mtu akiivuka miaka hiyo salama, mwuza tumbaku amemkosa, na yamkini amemkosa milele. Ubongo wa kijana nao huendelea kukomaa mpaka karibu na miaka 25, na nikotini huuingia ukiwa bado laini, kama mtu aandikaye katika saruji mbichi. Wafanyabiashara walilijua hilo zamani sana. Hadi mwaka 1963 kampuni za sigara za Marekani zilikuwa zikijitangaza katika magazeti ya wanafunzi wa vyuo vikuu, na zikiwalipa baadhi ya wanafunzi kuwagawia wenzao sigara za bure. Na mwaka 1994 wakuu saba wa kampuni hizo walisimama mbele ya bunge la nchi yao, wakainua mikono kula kiapo, kisha mmoja baada ya mmoja wakasema kuwa kwa imani yao nikotini haileti uraibu. Watu wanaoweza kuapia hayo si watu wa kuaminiwa watuambiapo leo kuwa wingu la embe halina neno.

Hapa hutujia hoja ya wanafunzi, nayo si hoja ya wajinga, basi tuijibu kwa adabu. Husema hivi: Masheikh wetu walituambia kuwa sigara ni makruhu kwa sababu ya harufu yake mbaya, wakafananisha na vitunguu thomu, ambavyo Mtume (S.A.W.) alimtaka mwenye kuvila ajitenge na msikiti. Vepu haina harufu mbaya. Tena yanukia vizuri. Basi ule ukaruhu umeondoka, na limebaki jambo la mubaha.

Enyi vijana, tumbaku haikutajwa katika maandiko ya mwanzo kwa sababu ni mmea wa Marekani, na haikufika katika nchi za Waislamu ila baada ya safari za Wazungu zilizoanza mwaka 1492, na hapo zilikuwa zimekwisha kupita karibu karne tisa tangu Hijra. Ilipofika, wanavyuoni walikhitalifiana sana. Sultani Murad wa Nne wa Istanbul aliipiga marufuku mwaka 1633 na akawaua watu kwa ajili yake. Sheikh Abdulghani Nabulusi wa Damascus, mwanachuoni mkubwa aliyefariki mwaka 1731, aliandika kuitetea. Kila mmoja alihukumu kwa alichokiona kwa macho yake: harufu, fedha zinazoteketea, majumba yanayoungua. Hapana hata mmoja kati yao aliyeweza kuyaona mapafu.

Mapafu yalikuja kuonekana baadaye. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill, huko London, walichapisha uchunguzi wao ulioonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, na mwaka 1964 mganga mkuu wa Marekani akatoa ripoti yake maarufu. Leo Shirika la Afya Duniani lahesabu kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Tangu hapo wanavyuoni wengi waliitazama upya hukumu, kwani hukumu hufuata sababu yake. Baraza la fatwa la Malaysia lilitamka mwaka 1995 kuwa kuvuta sigara ni haramu, na mwaka 2015 likasema hivyo hivyo juu ya vepu. Baraza la wanavyuoni la Indonesia, mwaka 2009, liliafikiana juu ya uharamu wake kwa watoto, kwa wanawake wajawazito na mahali pa hadhara, na likakhitalifiana katika mengineyo. Sisi hatutoi fatwa katika redio. Kila mmoja na amwendee sheikh wake. Lakini tunasema kwamba hoja ya harufu imekwisha wakati wake. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Bakara kujitia wenyewe katika maangamizo, na Mtume (S.A.W.) amekataza kujidhuru na kudhuruana. Makatazo hayo yamefungwa na dhara. Ukiondoa harufu ukaacha dhara, hukuondoa kitu ila alama iliyokuwa ikikuonya.

Juu ya shisha tutapita upesi, ingawa yastahili hotuba yake peke yake. Wapo wanaoiheshimu kwa kuwa imekuja na sura ya Kiarabu, na tumeona inapangwa katika kumbi za arusi na hata usiku wa Idi kana kwamba ni sehemu ya dini. Si ya dini. Ni ile ile buruma ya zamani iliyovishwa nguo mpya, na maji yake hayasafishi sumu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2005 kuwa saa moja ya shisha huweza kumwingizia mtu moshi mara 100 hadi 200 ya ujazo wa moshi wa sigara moja, na makaa yake huongeza hewa ya sumu iuayo watu wanaolala na jiko chumbani. Uganda iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2015, Tanzania ikatangaza kuipiga marufuku mwaka 2016, Kenya na Rwanda zikafuata mwaka 2017. Serikali zimekwisha kusema la kwao.

Tumeulizwa pia juu ya habari za mwaka 2019, pale vijana wengi wa Marekani walipolazwa hospitali kwa maradhi ya mapafu baada ya kuvuta vepu. Zilikuwa kweli. Hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wameandikwa, na vifo 68 vilithibitishwa. Lakini insafu yataka tuseme kuwa wengi wa wagonjwa hao walivuta mafuta ya bangi yaliyonunuliwa kwa wachuuzi wasiojulikana, na kilichohusishwa zaidi na maradhi yale ni mafuta ya vitamini E asetati yaliyochanganywa humo. Hatutaki kumtisha mtu kwa jambo lisilomhusu. Lakini nani katika vijana wetu anunuaye kichupa kichochoroni ajuaye kilichomo ndani?

Na insafu hiyo hiyo yatulazimu kutaja kuwa wako madaktari, hasa wa Uingereza, wasemao kwamba mvutaji mkongwe wa sigara akihamia vepu moja kwa moja na akaacha sigara kabisa, atapunguza madhara. Hatuwapingi katika elimu yao. Twasema tu kwamba maneno hayo aliambiwa mtu anayeungua nyumbani mwake, ashauriwe kutokea dirishani. Hayakuambiwa kijana wa miaka 19 aliyesimama uwanjani salama, ambaye hajapata kuvuta chochote.

Ndugu Waislamu, madhara ya kifua huchelewa, na kijana hamwogopi mgeni atakayekuja baada ya miaka 30. Basi tumwambie lililo karibu naye zaidi. Sisi sote tunasema ya kuwa ni waja wa Mwenyezi Mungu. Nikotini huufikia ubongo katika muda wa nukta chache, na kila baada ya saa mbili hivi nusu yake huwa imekwisha kutoka katika damu. Hapo mwenye kuizoea huanza kuona dhiki. Maneno ya mwalimu hayamwingii, kitabu humchosha, humkasirikia mwenzake bila sababu. Akivuta, dhiki huondoka, naye hudhani kuwa vepu imempa utulivu. Kumbe imemrudishia utulivu iliomwibia yenyewe saa mbili zilizopita, na kesho itauiba tena ili aununue tena.

Mtazameni mtu huyo katika mwezi wa Ramadhani. Moshi hufunguza, na wingu la vepu hali kadhalika, basi mchana kutwa amejizuia. Adhana ya Magharibi ikilia, mkono wake hauendi kwenye tende. Mbele yake mna maji, mna uji, mna chakula alichokishughulikia mama tangu alasiri, naye anainuka jamvini na kutoka nje gizani, kwa sababu bwana wake mwingine anamwita na hawezi kumwambia ngoja. Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Sura ya Jathiya habari za mtu aliyeyafanya matamanio yake kuwa ndiyo mungu wake. Hatumtupii mvutaji aya hiyo kumkafirisha, hasha. Lakini kijana Mwislamu aliyesoma na ajiulize: ni nani aliyenitoa jamvini?

Na fedha hizo zatoka wapi? Tumejifunza katika Hadithi kuwa mja ataulizwa Siku ya Kiyama juu ya ujana wake, aliumalizia katika nini, na juu ya mali yake, aliipata wapi na aliitumia katika nini. Mwanafunzi wa Tanzania apokeapo fedha za mkopo, zile wanazoziita bumu, amepokea deni, na deni litalipwa. Na mwingine hutumiwa na mama aliyeamka usiku kuchoma vitumbua. Asubuhi moja tu asimame kando ya jiko lile, aone moshi ambao mama yake anauvuta bila hiari kwa ajili yake, kisha ndipo aamue kama atanunua moshi mwingine kwa fedha hiyo hiyo.

Tunajua kuwa wapo katika wasikilizaji wetu watu wa Tabora na Urambo, ambako ada ya chuo cha mtoto hulipwa kwa tumbaku ya shambani. Hatuwasahau, wala si haki kumlaumu mkulima kwa zao alilohimizwa na kila aliyepita kulilima. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie mlango wa riziki nyingine. Lakini mkulima huyo naye hapendi mwanawe arudi kutoka chuoni akiwa mteja.

Sasa tuseme na watu wazima. Wapo wazee ambao humkemea kijana kwa vepu hali sigara i mkononi. Wapo wanaomtuma mtoto wa miaka 9 dukani, akamletee babu sigara mbili, na mwenye duka akampa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imekataza kumuuzia tumbaku mtu asiyetimiza miaka 18, na imekataza pia kuuza sigara moja moja; lakini sheria haiketi barazani petu. Mtoto huyo amejifunza njia ya kwenda kwa tumbaku kabla hajajifunza njia ya kwenda maktaba, na aliyemfunza ni yule ampendaye.

Na akigunduliwa kijana anavuta, afanyweje? Wengine humfukuza nyumbani, wengine humtangaza kwa majirani. Tukumbuke yule kijana aliyemjia Mtume (S.A.W.) akamwomba, mbele ya watu, ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea. Mtume (S.A.W.) akamwita karibu, akamketisha, akamwuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kijana akajibu kila mara kuwa hangeridhia. Kisha akamwekea mkono, akamwombea. Hakupandisha sauti. Ikiwa jambo kubwa kama lile lilikabiliwa hivyo, basi vepu na iulizwe kwa upole. Mzazi amwulize mwanawe: ulianza lini? Wakati gani huitamani zaidi? Umejaribu kuacha mara ngapi? Mzazi atashangaa kusikia kuwa mwanawe amekwisha kujaribu mara tatu, peke yake, akiona haya kumwambia mtu.

Kwako wewe kijana uliyejaribu mara tatu, tuna bishara iliyopimwa. Huko Uingereza madaktari wanaume 34,439 walifuatiliwa kwa miaka 50, kuanzia mwaka 1951, na matokeo yakatolewa mwaka 2004. Wavutaji wa sigara wa kudumu walikufa, kwa wastani, mapema kwa miaka 10 kuliko wasiovuta. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 60 alijipatia tena miaka 3 hivi. Aliyeacha akiwa na miaka 50 alipata 6. Aliyeacha akiwa na 40 alipata 9. Na aliyeacha akiwa na miaka 30 alipata karibu yote 10. Hayo yalipimwa kwa sigara, na habari za vepu za miaka 50 hazijatimia kwa kuwa chombo hakijafika umri huo. Lakini mlango ulio wazi namna hii kwa mtu wa miaka 30, kwako wewe wa miaka 20 u wazi zaidi.

Njia yenyewe ina ugumu mwanzoni. Siku za kwanza ndizo nzito kuliko zote, na baada ya wiki mbili hadi nne dhiki hupungua sana. Tamaa ikija huja kwa nguvu, lakini kila mara hukaa dakika chache tu kisha hupita. Basi zijaze dakika hizo. Tawadha. Shika mswaki, kwani mkono na mdomo vilivyozoea kushughulishwa vitahitaji kazi. Toka katika kundi la wavutaji kwa mwezi mmoja, na mwambie rafiki mmoja mwaminifu kuwa umeanza. Zipo pia dawa: ubani wa nikotini na plasta za kubandika ngozini, ambazo tangu mwaka 2009 zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Mwulize daktari, wala usione haya, kutafuta dawa ni katika mafunzo ya Mtume (S.A.W.). Na ukiteleza siku moja, anza tena siku hiyo hiyo, usingoje mwezi mpya.

Ama Ramadhani, hiyo ni fursa uliyokwisha kupewa. Mtu ambaye kwa siku 29 au 30 amekaa saa 13 bila nikotini amekwisha kujithibitishia kuwa aweza. Zimebaki saa za usiku. Aanze kwa kuichelewesha baada ya futari mpaka baada ya Tarawehe, kisha mpaka daku, kisha aiache huko iliko.

Ee Mola wetu, wasaidie vijana wetu walioko vyuoni, mbali na mama zao, katika saa ya kwanza ya kuacha na katika wiki ya kwanza. Wape wazazi wao ulimi laini. Waponye wagonjwa wa vifua waliolala mahospitalini, na uwarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi taufiki, wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.